Tone Moja la Maji ya Goti

Tutwae mfano wa baba mmoja ambaye twaweza kumkuta katika mtaa wo wote. Jumamosi alikwenda kwenye karamu ya arusi, akala nyama, akanywa pombe pamoja na wenzake, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe huku akiwasalimu jirani. Akalala mzima. Saa nane ya usiku akaamshwa na maumivu makali katika goti la kuume. Kabla ya mapambazuko goti lilikuwa limevimba, ngozi imekazwa na kung'aa, na joto lake lasikika hata kabla mkono haujaligusa. Shuka jepesi lilikuwa zito kwake kama jiwe. Mtoto alipopita akikimbia chumbani, mtikisiko wa sakafu peke yake ulimfanya alie kwa uchungu.

Asubuhi nyumba ikajaa mashauri. Mama mmoja mzee akasema: "Baba, umekanyaga dawa. Kuna mtu aliyekutega njiani." Mwingine akataka wembe, achanje chale ili damu mbaya itoke. Kijana wake akakimbia sokoni akanunua vidonge visivyo na jina, ambavyo muuzaji alimwapia kwamba huondoa kila uvimbe. Mkewe akakumbuka kwamba miaka mitatu nyuma kidole gumba cha mguu kilimvimba vivyo hivyo, kikapona chenyewe baada ya juma moja. Akasema: "Tungoje tu, litapita."

Wasomaji wetu wapenzi, mashauri kama hayo mmeyasikia, na labda mmeyatoa. Kila mmoja alisema kwa mapenzi, lakini hakuna hata mmoja aliyejua lililomo ndani ya goti. Na jambo la ajabu ni hili: jibu lilikuwamo mlemle, katika maji yaliyolijaza goti. Tone moja la maji hayo, likitazamwa na mtu aliyefundishwa, hueleza mambo ambayo macho na mikono haiwezi kuyatambua. Leo twataka kueleza tone hilo husema nini, na kwa sababu gani yafaa kulisikiliza upesi.

UGONJWA NA JINA LAKE

Ugonjwa ulio wa kwanza kufikiriwa hapa huitwa kwa Kiswahili jongo. Wafaransa huuita goutte, maana yake tone. Jina hili latoka katika Kilatini cha zamani. Watu wa kale walidhani kwamba maji mabaya ya mwilini hudondoka tone kwa tone mpaka yakafika katika kiungo. Hawakukosa kabisa, ila hawakujua kilichodondoka ni kitu gani.

Huko Uingereza, daktari Thomas Sydenham aliugua jongo yeye mwenyewe miaka mingi. Mwaka 1683 alitoa kitabu juu ya ugonjwa huo. Alieleza jinsi mgonjwa anavyolala salama, akaamshwa karibu na saa nane ya usiku, akashindwa kuvumilia uzito wa nguo za kitanda na mtikisiko wa mtu anayetembea chumbani. Zaidi ya miaka 300 imepita, na maneno yake yangali yanafaa kwa wagonjwa wa leo. Lakini Sydenham hakuweza kutazama ndani ya kiungo. Alijua maumivu, hakujua chanzo chake.

Chanzo kilitafutwa hatua kwa hatua. Mwaka 1679, katika mji wa Delft huko Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek alikuwa ametazama kwa hadubini yake unga mweupe uliotoka katika uvimbe wa mtu mwenye jongo, akaona vitu vyembamba vyenye ncha. Mwaka 1776, Carl Wilhelm Scheele wa Sweden aligundua asidi ya yuriki katika mawe ya kibofu. Mwaka 1797, Mwingereza William Hyde Wollaston alionyesha kwamba vinundu vya wenye jongo vimefanyika kwa chumvi ya asidi hiyo hiyo. Kisha mwaka 1848, Alfred Garrod wa London akathibitisha kwamba imo kwa wingi katika damu ya wagonjwa hao. Baadaye alipata njia nyepesi ya kuionyesha: alitia maji ya damu katika kibakuli pamoja na siki kali kidogo, akalaza uzi wa kitani ndani yake, akangoja. Ikiwa asidi ilizidi, fuwele zilishika kwenye uzi kama sukari inavyoshika kwenye kijiti.

ASIDI HIYO YATOKA WAPI

Asidi ya yuriki si sumu iliyotiwa na adui. Kila mwili huitengeneza kila siku. Chembe za mwili zinapochakaa na kuvunjwa, na nyama na vyakula vingine vinapomeng'enywa, hubaki mabaki, na asidi hiyo ni mojawapo. Wanyama wengi wanayo kimeng'enya cha kuivunja tena. Sisi wanadamu hatuna. Hivyo yatupasa kuitoa nje, na kazi kubwa, kadiri ya theluthi mbili, hufanywa na figo.

Figo zikishindwa kuitoa ya kutosha, asidi hujaa katika damu. Wengine wamerithi udhaifu huo kutoka kwa wazazi wao. Wengine wana ugonjwa wa figo, au wanakunywa dawa za kuongeza mkojo kwa ajili ya shinikizo la damu. Pombe, hasa bia, pamoja na maini, figo na nyama nyingi, huongeza mzigo. Ndiyo maana si haki kumcheka mgonjwa wa jongo kana kwamba ni mlafi tu. Wako wanaokula kwa kiasi wakaugua, na wako wanaokula karamu kila juma wasiugue kamwe. Ugonjwa huwapata zaidi wanaume wa makamo. Wanawake huwapata hasa baada ya hedhi kukoma.

Kila maji yana kipimo chake cha kuyeyusha chumvi. Asidi ya yuriki ikipita kadiri ya miligramu 68 katika lita moja ya damu, huanza kushindwa kuyeyuka yote. Pole pole, kwa miezi na miaka, hugeuka fuwele zilizochongoka kama sindano, zikatua ndani ya viungo. Hupenda mahali penye baridi kidogo, maana katika baridi huyeyuka kwa shida zaidi. Kidole gumba cha mguu ni baridi kuliko kifua na tumbo, na hiyo ni mojawapo ya sababu za ugonjwa kuanzia mara nyingi hapo.

WALIOJIDUNGA MAGOTI YAO WENYEWE

Hata hivyo swali moja lilibaki. Je, fuwele ndizo zinazowasha moto wa kiungo, au ni majivu tu yaliyobaki baada ya moto? Mwaka 1899 Max Freudweiler alikuwa amefanya majaribio yaliyoonyesha kwamba fuwele huleta uvimbe, lakini kazi yake ilisahauliwa.

Mwaka 1961, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, madaktari Daniel McCarty na Joseph Hollander walitoa maji katika viungo vya wagonjwa wa jongo, wakayatazama kwa hadubini yenye mwanga uliochujwa, yaani mwanga ambao mawimbi yake yote yameelekezwa upande mmoja. Katika mwanga huo fuwele ziling'aa gizani kama nyota, na wakaweza kuzitambua kwa hakika.

Mwaka uliofuata, McCarty na mwenzake James Faires hawakutaka kumjaribia mtu mwingine kwanza. Walitengeneza fuwele safi katika maabara, wakajidunga wenyewe, kila mmoja katika goti lake. Baada ya saa chache magoti yalivimba, yakawaka moto, yakauma vikali, sawasawa na magoti ya wagonjwa wao. Swali likajibiwa kwa maumivu ya waliouliza: fuwele ndizo zinazowasha moto.

MOTO UNAVYOWASHWA

Kiungo kizima kina maji machache tu, yenye rangi ya manjano hafifu, maangavu, yanayovutika kama ute wa yai. Kazi yake ni kulainisha, kama mafuta katika mashine, na kulisha gegedu linalofunika ncha za mifupa. Ndani yake mna chembe nyeupe chache, hazifiki 200 katika milimita mchemraba moja.

Katika utando wa kiungo wamo walinzi, ni chembe kubwa ambazo kazi yake ni kumeza uchafu na vijidudu. Mlinzi akikuta fuwele, huimeza. Lakini fuwele si kijidudu. Haiuawi, na ncha zake huharibu tumbo la aliyeimeza. Hapo mlinzi hupiga kengele. Mwaka 2006, Jürg Tschopp na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lausanne, huko Uswisi, walionyesha jinsi kengele hiyo inavyopigwa. Ndani ya chembe mna mtambo mdogo wa protini uitwao inflamasomu. Fuwele za jongo huuamsha, nao hutoa ujumbe uitwao intaliukini ya 1.

Ujumbe huo ukitoka, mambo huenda mbio. Mishipa midogo ya damu hupanuka, na hapo hutoka joto. Kuta zake huvujisha maji, na hapo hutoka uvimbe. Ujumbe mwingine hufuata, kama vile intaliukini ya 6 na ya 8. Ile ya 8 huita askari wa damu waitwao nyutrofili. Maelfu kwa maelfu huingia katika kiungo, humeza fuwele, hupasuka, humwaga silaha zao ndani ya kiungo chenyewe, na ajali hiyo huita askari wengine. Jeshi lililokuja kuokoa nyumba lachoma nyumba.

Lakini jongo lina jambo jingine la kushangaza. Hata lisipotibiwa, shambulio hupoa lenyewe baada ya siku 7 hadi 14 hivi, ingawa fuwele zingalimo. Mwaka 2014 watafiti wa Erlangen huko Ujerumani walieleza sababu mojawapo: nyutrofili zikiwa nyingi sana hutupa nyuzi zao za ndani, nyuzi hizo hushikamana kama nyavu, nazo hunasa zile jumbe za moto na kuzivunja. Hivyo askari wale wale waliochochea moto husaidia kuuzima. Mke wa baba yule alisema kweli aliposema kidole kilipona chenyewe. Ila kupoa si kupona. Fuwele zilibaki, zikaendelea kuongezeka kimya kimya.

TONE LAZUNGUMZA

Sasa turudi katika goti la baba yule. Akifikishwa hospitalini, daktari au msaidizi wake aliyefundishwa husafisha ngozi vizuri, huingiza sindano iliyo safi kabisa, na kuvuta maji. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na mara nyingi maumivu hupungua papo hapo, kwa maana goti limepunguziwa mzigo wake.

Jambo la kwanza hutazamwa kwa macho. Maji yakiwa maangavu, kiungo hakina vita kubwa. Yakiwa na ukungu, hata maandishi hayasomeki kupitia chupa, chembe nyeupe zimejaa. Tena maji ya kiungo chenye moto hayavutiki tena kama ute. Hudondoka kama maji ya kawaida, kwa sababu ulaini wake umevunjwa.

Jambo la pili ni kuhesabu chembe nyeupe. Katika shambulio la jongo mara nyingi huwa kati ya 2,000 na 50,000 katika milimita mchemraba moja, na pengine hufika 100,000. Wingi wao ni nyutrofili.

Jambo la tatu ni kutafuta fuwele. Sindano za jongo huonekana nyembamba, zenye ncha mbili, mara nyingi zimemezwa na chembe nyeupe, zikichomoza pande zote mbili. Katika hadubini yenye mwanga uliochujwa na kioo chake cha rangi, hung'aa manjano zikilala upande mmoja, na buluu zikilala kinyume chake. Wazee wengine huwa na fuwele za namna nyingine, zenye chokaa, ambazo ni fupi na rangi zake hugeuka kinyume. Huo ni ugonjwa ndugu wa jongo, lakini si jongo.

Jambo la nne, lililo kubwa kuliko yote, ni kutafuta vijidudu. Tone hupakwa rangi na kutazamwa, na sehemu ya maji huwekwa katika chakula cha vijidudu kwa siku kadhaa ili kuona kama vitaota.

Watafiti wamepima pia katika maji hayo zile jumbe za moto tulizozitaja, pamoja na protini iitwayo kalprotektini ambayo hutoka katika nyutrofili. Vipimo hivyo vimewafundisha mengi juu ya njia za ugonjwa. Lakini jumbe hizo hupanda pia katika magonjwa mengine ya viungo. Zasema kwamba nyumba inawaka. Hazisemi nani aliyeiwasha. Ndivyo ilivyo hata kwa protini ya damu iitwayo CRP, ambayo hutengenezwa na ini: hupanda katika jongo, hupanda katika vijidudu. Na asidi ya yuriki ya damu yaweza kupimwa wakati wa shambulio ikaonekana ya kawaida, ingawa mgonjwa ana jongo kweli. Ndiyo maana ushahidi ulio imara hutafutwa katika kiungo chenyewe.

KWA NINI TUSINGOJE

Hapa ndipo penye hatari ambayo kila jamaa yapaswa kuijua. Goti lenye vijidudu huweza kufanana kabisa na goti la jongo: huvimba, huwaka, huuma, na homa huweza kuwamo katika yote mawili. Chembe nyeupe katika goti la vijidudu mara nyingi hupita 50,000, lakini tumeona kwamba jongo nalo laweza kupita hapo. Kwa hesabu peke yake hata daktari hodari aweza kukosea.

Ila mwisho wa magonjwa hayo haufanani. Jongo humwumiza mtu, kisha hupoa. Vijidudu katika kiungo huweza kula gegedu kwa siku chache, vikaacha mguu usiokunjika maisha yote. Vikiingia katika damu, huweza kuua. Tena mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili pamoja, hivyo kuona fuwele hakutoshi kusema kwamba vijidudu havimo.

Sasa twaweza kuyapima yale mashauri ya asubuhi. Anayesema "amekanyaga dawa" humpotezea mgonjwa siku zilizo za thamani, tena hupanda chuki kati ya jirani. Mwenye wembe hufungua mlango kwa vijidudu, na huenda akaongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza. Mwuza vidonge visivyo na jina huenda akatoa dawa ya jamii ya kortizoni. Dawa hiyo ni njema mkononi mwa daktari, kwa sababu hupoza moto wa jongo. Lakini ikipozesha moto wa goti lenye vijidudu, mgonjwa huona nafuu kumbe adui anazidi kula. Na anayengoja tu hubahatisha.

Juu ya watoto twaongeza neno. Jongo kwa mtoto ni nadra sana. Mtoto mwenye kiungo kilichovimba, chenye moto, asiyekubali kukitumia, apelekwe hospitalini siku ile ile. Huenda ni vijidudu. Huenda ni ugonjwa wa selimundu, ambao ni mwingi katika nchi zetu.

TIBA YENYEWE

Ikiwa tone limesema jongo na vijidudu havikuonekana, mgonjwa na afurahi, kwa maana jongo ni mojawapo ya magonjwa ya viungo yanayotibika vizuri. Kazi ni mbili, zisichanganywe.

Kazi ya kwanza ni kuzima moto wa leo. Kuna dawa za kupunguza uvimbe, kuna kortizoni, na kuna kolchisini, inayotoka katika mmea. Kila moja ina hatari yake: ya kwanza huweza kuumiza tumbo na figo, na kolchisini ikizidi kipimo huweza kuua. Basi ipimwe na anayejua. Huko Lausanne, mwaka 2007, wagonjwa 10 walijaribiwa dawa inayofunga mlango wa intaliukini ya 1, wakapata nafuu upesi. Dawa za namna hiyo ni ghali, huwekwa kwa wale wasioweza kutumia nyingine.

Kazi ya pili ni kuondoa kuni ili moto usirudi. Dawa ijulikanayo zaidi ni alopurinoli, ambayo ilitoka katika kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata tuzo ya Nobel mwaka 1988. Huanzwa kwa kipimo kidogo, huongezwa pole pole, humezwa kila siku kwa miaka. Shabaha ni kushusha asidi chini ya miligramu 60 katika lita moja ya damu, ili fuwele zilizotua ziyeyuke tena. Miezi ya mwanzo mashambulio huweza kurudi, na wengi hapo huacha dawa wakisema haifai. Wasiache, bali wamwulize daktari. Lakini mtu akitokwa na vipele baada ya kuianza, aiache mara moja na kurudi hospitalini. Maji ya kunywa ya kutosha, pombe kidogo au kuiacha kabisa, nyama kwa kiasi, na kupunguza unene, vyote hivyo vyasaidia dawa, ingawa mara nyingi havitoshi peke yake.

Baba wa mfano wetu, basi, afanyiwe nini? Abebwe, asitembezwe. Asichanjwe. Apelekwe siku hiyo hiyo mahali ambapo maji ya goti yaweza kutolewa na kutazamwa. Na kama kituo cha afya kilicho karibu hakina hadubini, wenye kituo watamwelekeza penye nayo. Awaambie yote: karamu ya Jumamosi, kidole cha miaka mitatu iliyopita, dawa azinywazo, na vidonge vya sokoni kama amekwisha vimeza. Jirani wa njiani aachwe salama. Tone likitazamwa, litasema kama ni sindano au vijidudu, nalo halitataja jina la mtu.